Dakika Kumi za Msiba

Saa nne na dakika tano asubuhi, pale Kibamba, Mratibu alitufungulia njia. Magari yaliyokuwa mbele yetu yakaanza kujisogeza, moja kushoto, moja kulia, mpaka katikati pakabaki ukanda mtupu wa lami unaotosha gari moja. Kwenye kioo cha mbele yakatokea maandishi: FAMILIA YA MAREHEMU SUBILAGA MWAIPAJA. DAKIKA KUMI. POLENI SANA.

"Mkanda," nikamwambia mke wangu.

"Nimefunga. Twende, bwana, zinapungua hizo."

Nikakanyaga mafuta. Gari likanguruma, mgongo ukabanwa kwenye kiti, na jiji zima likaanza kurudi nyuma yetu. Pembeni madereva walikuwa wameshuka na kusimama, kofia mkononi, kama desturi inavyotaka. Siku za mwanzo nilikuwa nawapungia mkono kuwashukuru. Siku hiyo ilikuwa ya kumi na tisa na nilikuwa natazama lami tu.

Kimara tulipita dakika ya nne. Ubungo dakika ya sita. Dakika ya tisa na nusu nilikuwa nimeshasimama mbele ya lango la hospitali, na Tusajigwe mke wangu anashuka taratibu, mkono mmoja kwenye mlango, mwingine kwenye bega langu. Mashine ya kusafisha damu ilikuwa inamsubiri saa tano. Tuliwahi kwa dakika arobaini na tano.

"Ungeniambia miaka mitatu iliyopita kwamba hili gari lako litakuja kuwa na kazi," akasema, "ningekucheka mpaka nikae chini."

"Ulinicheka."

"Kweli, nilikucheka." Akaingia ndani.

Msinielewe vibaya. Mama yangu alikuwa amekufa kweli. Alikufa kitandani kwake asubuhi ya Alhamisi, daktari akaja, cheti kikatoka, mwili ukapelekwa mochwari. Sikughushi chochote. Kitu pekee nilichofanya ni kutomzika.

Kwa waliozaliwa baadaye, niwaeleze. Mratibu ndiye anayeendesha kila gari katika barabara kuu za jiji hili. Ukiingia barabarani usukani unalegea mikononi, yeye anakupeleka, kilometa tano kwa saa, wewe na waziri na muuza maji mwendo mmoja. Misafara ya wakubwa ilifutwa mwaka wa kwanza, watu wakashangilia. Magari ya wagonjwa yakaachiwa haki ya kupishwa, lakini watu ni watu. Miaka miwili haikuisha, kila mwenye uwezo akawa na gari la wagonjwa uani kwake, na asubuhi ving'ora elfu moja vinalia vikigombea njia vyenyewe kwa vyenyewe. Haki hiyo nayo ikafutwa. Ikabaki ya msiba peke yake. Tangu cheti cha kifo kitoke mpaka mazishi yakamilike, gari moja la wafiwa, pamoja na la jeneza likiwepo, linafunguliwa njia mara mbili kwa siku, dakika kumi kila mara. Waliotunga sheria walisema hakuna mtu atakayechezea maiti ya mama yake.

Dakika kumi hazimfikishi mtu mbali. Magari ya siku hizi hayazidi spidi ya hamsini, ya nini zaidi, kwa foleni ipi? Wafiwa wengi wanafika Kimara, njia inawafungia, wanaingia foleni na jeneza lao. Langu ni la zamani, la mbio, nililifufua mwenyewe gereji kwa miaka minne, skrubu kwa skrubu. Lina viti viwili na linafika mia mbili na arobaini. Watu walikuwa wananiuliza, hivi fundi Ambakisye, una akili timamu? Gari la mbio katika jiji lisilosogea! Mdogo wangu Lusajo, anayefanya kazi bandarini Muscat, alisema bora ningefuga kuku ndani yake. Nilikuwa nakaa ndani ya gari, kilometa tano kwa saa, naisikiliza injini. Nililipenda, basi.

Halafu figo za Tusajigwe zikagoma. Mara tatu kwa wiki, saa tano kwenda, saa nne kwenye mashine, saa tano kurudi. Treni ipo, ila kufika stesheni ni foleni hiyo hiyo. Vyumba vya karibu na hospitali vina orodha ya wanaosubiri, na yeye alikuwa wa elfu mbili na kitu. Mwezi wa Februari foleni ilituzuia akakosa mashine mara mbili, na mara ya pili alizimia mikononi mwangu pale Magomeni. Daktari alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi. "Msikose tena," akasema. "Nasema hivi kwa sababu sina njia nyingine ya kulisema. Akikosa tena mfululizo, msinitafute."

Wiki mbili baadaye mama akafa. Nilipousindikiza mwili mochwari njia ikafunguka mbele yangu kwa mara ya kwanza, na kabla sijafika nilikuwa nimeshapiga hesabu.

*

Mchana tuliporudi nyumbani, turubai lilikuwa bado limesimama uani. Viti vya kukodi vilikuwa vimepungua. Wiki ya kwanza watu walijaa mpaka barabarani, akina mama wakapika kwa masufuria yale ya shughuli, kwaya ya usharika ikaimba siku tatu mfululizo. Sasa walibaki ndugu wa damu tu, wamelala kwenye mikeka, wamechoka kuomboleza na wamechoka kupumzika.

Baba mdogo Asajile, mdogo wake marehemu baba, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele na fimbo yake katikati ya magoti. Alitoka Tukuyu kwa ajili ya siku tatu.

"Mwanangu, kaa." Nikakaa. "Lusajo anasemaje?"

"Kibali bado, baba. Kazini kwake hawajamwachia."

"Wiki ya tatu hii."

"Ndiyo, baba."

"Mimi sina neno na Lusajo. Mtoto lazima amtupie mama yake udongo, hilo hakuna anayelipinga. Lakini nina ng'ombe, nina mahindi. Na huyu mama yenu alikuwa mtu wa haraka. Akikwambia tunaondoka saa mbili, saa moja na nusu yuko mlangoni na kitenge ameshafunga." Akacheka kidogo, kisha akafuta macho. "Angekuwa hai angetugombeza wote hapa."

Nilijua kwamba hapo nilitakiwa kulia, au angalau kuinamisha kichwa. Nilikiinamisha. Ndani palikuwa kimya, hapakuwa na uchungu wala aibu. Nilikuwa nawaza kwamba Jumatano mashine ni saa tano tena, kwa hiyo niombe njia saa nne kasoro dakika mbili, kwa usalama.

Wazee wanavumilia mtu wa ughaibuni. Hilo nililijua, na ndilo nililolitumia. Ukisema tunangoja pesa, watachanga. Ukisema tunangoja mchungaji, watakuletea mwingine. Ukisema tunamngoja mtoto yuko nje, watatikisa vichwa na kulala tena mkekani. Na Lusajo, kila alipopiga simu, nilimwambia asikate tiketi kwanza, wazee bado wanabishana azikwe Tukuyu au Kisarawe. Hawakuwa wanabishana. Mama mwenyewe alishasema Kisarawe, shambani, ubavuni kwa baba.

*

Jumatano, siku ya ishirini na moja, njia ilifunguka kwa wakati. Tulikuwa tumepita Kimara, spidi mia moja na tisini, Tusajigwe anasikiliza ujumbe kwenye simu yake. Hakuweka sikioni. Sauti ya Lusajo ikajaa gari zima.

"Shemeji, shikamoo. Samahani, kaka hapokei simu. Hivi hao wazee wanabishana nini wiki tatu? Mimi ruhusa ninayo tangu siku ya pili, begi liko mlangoni. Kaka ananiambia nisubiri, nisubiri. Shemeji, nisaidie, naumia. Nataka kumwona mama."

Ujumbe ukaisha. Tukapita daraja.

"Baba Ipyana," akasema. Ananiita kwa jina la binti yetu siku zote, lakini siku hiyo alilitamka polepole. "Lusajo ana ruhusa?"

Nikakaza macho kwenye lami.

"Nakuuliza."

"Zimebaki dakika tano. Tutaongea tukifika."

"Kwa hiyo mama yuko kule kwa ajili yangu."

"Tusa..."

"Simamisha gari."

"Huwezi kukosa leo."

"Nimesema simamisha gari! Usipolisimamisha nafungua mlango, na unanijua."

Namjua. Nikasimama. Katikati ya jiji, kwenye ukanda mtupu, gari la mbio limesimama na pande zote mbili mamia ya watu wamesimama kwa heshima. Palikuwa kimya kabisa. Tusajigwe alikuwa anapumua kwa shida, mikono juu ya mapaja, vidole vimevimba.

"Mama yako alinifundisha kunyonyesha," akasema. "Nilipokuwa sijui hata kumshika mtoto, alilala chini, kando ya kitanda changu, siku arobaini. Leo umemfanya tiketi."

"Angekubali. Ungemwuliza angekubali."

"Sasa kwa nini hukuniuliza mimi?"

Mtu akagonga kioo upande wangu. Mwanaume wa makamo, shati la kazi, kofia ameikumbatia kifuani. Nikashusha kioo.

"Poleni sana, ndugu zangu. Gari limegoma? Tuko wengi hapa, tutawasukuma."

"Hapana," nikasema. "Asante."

"Msiwe na haraka. Sisi tupo. Ni nani amefariki, mwenzangu, mzee wenu?"

"Mama."

"Aisee. Mama hana mbadala. Pole, kaka." Akaniwekea mkono begani kupitia dirishani, akauacha pale muda mrefu, mkono mzito wa mtu anayebeba mizigo. Niliungoja uondoke. Ulipoondoka nikapandisha kioo.

Tusajigwe alikuwa ananitazama usoni, sio kwa hasira tena. Alikuwa ananichunguza kama anayemtazama mgonjwa.

"Tangu afe hujalia," akasema. "Nilidhani ni uanaume. Hebu nikuulize kitu kimoja tu. Mimi nikifa, utaniweka mochwari ili umpeleke nani?"

Hapo njia ikafungwa. Magari yakarudi kutoka pembeni, usukani ukalegea, na Mratibu akatuchukua. Zilibaki kilometa tisa. Tulifika hospitali karibu saa sita, na muuguzi akasema nafasi iliyobaki ni ya saa mbili tu, sio nne. Saa mbili zinasafisha nusu. Tusajigwe akasema sawa, akanyoosha mkono sindano iingie.

Nilimngoja kwenye benchi la korido. Nikampigia Lusajo, nikamwambia akate tiketi.

"Wamekubaliana wapi?" akauliza.

"Hakuna aliyebishana, Lusajo. Nitakueleza ukija."

"Una nini, kaka?"

"Sijui," nikasema, na sikuwa najua.

*

Alhamisi nilikwenda mochwari. Sikuwa nimefika tangu siku ile ya kwanza. Mhudumu, mama mmoja mnene mwenye buti za mpira, aliniuliza jina, akatazama daftari, akasema, "Aa, wa kumi na nne. Huyu mwenyeji wetu." Hakusema kwa ubaya. Akavuta droo.

Mama alikuwa amekuwa mdogo. Kitambaa cheupe kilimzunguka uso, na nyusi zake zilikuwa na ukungu wa barafu. Nikasimama namtazama. Nilitaka kitu kije, chochote. Kilichokuja ni hesabu. Niliwaza: baridi hii ikiwa haikatiki, anafika Juni. Labda Julai. Mpaka hapo orodha ya vyumba itakuwa imesogea. Nikageuka nikamwuliza yule mhudumu kama umeme wao una jenereta ya akiba.

"Ipo," akasema, akinitazama kwa mshangao. "Kwa nini, baba?"

Ndipo nikaogopa. Niliogopa kweli, jasho likanitoka kwenye baridi ile, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele ya uso wa mama yangu mzazi na swali nililouliza lilikuwa la jenereta.

Jioni, jua bado liko juu, niliwakusanya wazee chini ya turubai nikawaeleza yote. Lusajo, ruhusa yake, mashine, dakika kumi, Februari pale Magomeni. Sikuficha kitu. Shangazi mmoja akaguna na kujifunika kanga usoni. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, anachora mchangani kwa fimbo.

"Ungeniambia siku ile ile," akasema.

"Ningekwambiaje, baba?"

"Kwa mdomo. Ungesema, baba, mke wangu atakufa nikimzika mama. Unadhani mimi ningesema nini? Azikwe tu?" Akatazama wenzake, mmoja mmoja. "Nasema mbele ya wote. Shemeji yangu yule angekaa kwenye barafu mwaka mzima kwa ajili ya mkamwana wake, na angekuwa anauliza kama ameshakula. Kama ni kungoja, sasa tunangoja tukijua. Mahindi yangu yataoza, basi, yataoza. Wewe ndiye mtoto wa kwanza. Sema."

Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na matusi ningeyaweza. Walinipa mama yangu mkononi wakaniambia nichague, na kwa haki kabisa hakuna ambaye angenihukumu. Tusajigwe alikuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake, mgongo ukutani. Nilimtazama. Hakunipa ishara yoyote. Alikuwa ameshasema lake barabarani.

Bado najiuliza hata leo kama nilichagua sawa. Kuna siku naona nilimtoa mke wangu kafara ili mimi nirudi kuwa mtu, na kuna siku naona kama nisingerudi kuwa mtu, angebaki anaishi na nani? Siku ile sikuwaza yote hayo. Nilikumbuka droo.

"Jumamosi," nikasema. "Lusajo anatua Ijumaa. Tumzike Jumamosi asubuhi."

Baba mdogo akaitikia kwa kichwa. Yule shangazi ndiye aliyeanza kulia, na wengine wakafuata.

*

Tulitumia dakika kumi za mwisho kumpeleka mama mwenyewe. Gari la jeneza lilitangulia kwa spidi yake ya hamsini, na langu likafuata nyuma, hamsini hiyo hiyo, na Lusajo ameketi kando yangu akiwa ameshika picha ya mama. Tusajigwe alipanda basi la akina mama. Njia ilitufungia mbali sana na Kisarawe. Tukaingia foleni kama wafiwa wote, na Lusajo akalia njia nzima, waziwazi, makamasi na yote. Nilimwonea wivu.

Shambani mchungaji hakurefusha. Tulishusha jeneza kwa kamba, tukatupia udongo, mimi kwanza, halafu Lusajo, halafu Tusajigwe, aliyeshikiliwa huku na huku. Vijana wakafukia. Walipokwisha kuweka maua, simu yangu ikatetemeka. Mratibu alikuwa anauliza: MAZISHI YAMEKAMILIKA? Chini yake maneno mawili, NDIYO na BADO.

Baba mdogo aliona. Lusajo aliona. Kila mtu akatafuta kitu kingine cha kutazama.

Nikabonyeza NDIYO.

Ilikuwa saa sita mchana. Nafasi ya Tusajigwe siku za Jumamosi ni saa kumi na moja jioni, na kutoka pale hadi hospitali ni kilometa thelathini na moja. Wengine walirudi nyumbani kula chakula cha matanga. Sisi wawili hatukula. Tukaingia kwenye gari na udongo kwenye viatu, tukafika barabara kuu, usukani ukalegea.

Tusajigwe aliegemeza kichwa kwenye kioo. Alilala kidogo, akaamka, akaomba maji, nikampa funda moja kwa sababu hatakiwi kunywa zaidi. Injini ilikuwa inanguruma chini chini pale pale tulipo. Baada ya saa tatu nikaona amevua viatu kwa shida, na alama ya mkanda wa kiatu imebaki imezama kwenye nyama.

"Lete miguu," nikasema.

"Utawezaje, unaendesha?"

"Naendesha nini?"

Akacheka, kicheko kidogo cha puani. Akageuka kwenye kile kiti chembamba, akaipandisha miguu mapajani kwangu. Ilikuwa ya baridi na mizito, imejaa maji. Nikaanza kuikanda, kutoka kwenye kifundo kupanda juu, taratibu, kila nikibonyeza kidole kinaacha shimo.

"Mama Ipyana," nikasema. "Mama amekufa."

Hakushangaa. Hakuniambia kwamba tumetoka kumzika sasa hivi.

"Ndiyo, mume wangu," akasema. "Amekufa."

Nikalia. Nililia kwa sauti, mdomo wazi, siwezi kujizuia na siachi kukanda, na dereva wa gari la pembeni akatutazama, kisha akapandisha kioo chake. Tusajigwe aliweka mkono kisogoni kwangu akauacha hapo.

Saa ilikuwa kumi kasoro dakika tano. Zilibaki kilometa kumi na tatu.